Kompyuta Ikisema Ni Wewe, Huo Bado Si Ushahidi



Ndugu yangu, dada yangu, kuna jibu moja linazidi kusikika katika ofisi zetu: "Sistimu imekataa." Ukiuliza kwa nini, karani anakugeuzia kioo cha kompyuta, basi, mazungumzo yamekwisha. Mashine imesema. Nani atabishana nayo?

Leo tubishane nayo kidogo. Hatusemi kompyuta ni haramu wala teknolojia ni ya adui. Simu unayosomea maneno haya ni kompyuta, na wengi wetu tunajua saa za swala kupitia kwayo. Tunabishana kwa sababu mbinu zinazotumika kumtafuta mshukiwa kwa kamera, kwa alama za vidole na kwa programu za kusoma maandishi zina mipaka. Wanaoijua mipaka hiyo vizuri zaidi ni watafiti wa sayansi ya kompyuta wenyewe, na wameiandika wazi. Muuzaji wa mashine ndiye haisemi. Afisa anayeinunua haulizi. Na sisi Waislamu wa Kenya, tuliozoea kushukiwa kwanza na kuulizwa baadaye, ndio tutakaolipia kimya hicho.

Tuanze na hesabu. Usiogope, ni ya shule ya msingi.

HESABU YA KIVUKONI

Chukua mfano wa kivuko cha Likoni. Tuseme watu 200,000 wanapita mbele ya kamera kwa siku. Tuseme pia kati yao wamo watu 10 wanaotafutwa na polisi kwa haki kabisa. Nambari hizi ni za mfano tu.

Sasa muuzaji anakuja na kamera ya kutambua nyuso. Anasema ina usahihi wa asilimia 99. Waziri anapiga makofi. Magazeti yanaandika. Asilimia 99! Nani hataki?

Hebu tupige hesabu. Tumpe muuzaji heshima yote, tuseme kamera imewanasa wote 10 wanaotafutwa. Lakini inakosea mara moja katika kila watu 100. Asilimia 1 ya watu 200,000 ni watu 2,000. Kwa hiyo siku hiyo kengele inalia mara 2,010. Mara 10 ni kweli. Mara 2,000 ni mama anayekwenda sokoni, kijana wa bodaboda, maalim anayerudi kutoka madrasa.

Ukimshika mtu mmoja katika hao, uwezekano wa kuwa umemshika mkosa ni mmoja kwa 201. Na hii ndiyo kamera ya "asilimia 99".

Haya, tuiboreshe mara kumi. Iwe asilimia 99.9. Kengele za uongo zinashuka hadi 200. Za kweli bado ni 10. Kila kengele 21 zikilia, moja tu ni ya kweli.

Kamera hapa haijaharibika, inafanya kazi kama ilivyoahidiwa. Shida ni kwamba kitu kinachotafutwa ni adimu mno. Ukitafuta kitu adimu katika umati mkubwa, kosa dogo likizidishwa kwa umati linazaa watu wengi wasio na hatia. Wanatakwimu wanaijua hesabu hii tangu zamani. Hakuna programu itakayoiruka, kwa sababu ni hesabu.

Usidhani ni nadharia ya darasani. Juni 2017 mji wa Cardiff, Uingereza, ulikuwa mwenyeji wa fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, Real Madrid dhidi ya Juventus. Polisi wa South Wales walitumia kamera za kutambua nyuso. Kamera zilipiga kengele mara 2,470. Katika hizo, 2,297 zilikuwa za makosa. Zilizobaki ni 173 tu.

Polisi hao walisema hakuna mtu aliyekamatwa kwa sababu ya kengele ya makosa. Tuwape haki yao: kengele ikilia, afisa anapaswa kuangalia kwa macho yake kabla ya kumgusa mtu. Hata hivyo, Agosti 2020 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kwamba namna kamera hizo zilivyotumika ilikuwa kinyume cha sheria. Moja ya sababu ni kwamba polisi hawakuwa wamechukua hatua za kutosha kujua kama programu hiyo inabagua watu kwa rangi au jinsia.

Sasa jiulize: kengele kama hizo zikilia Kisauni au Eastleigh saa tano usiku, ni nani ataangalia kwanza ndipo ashike?

WAVU NA MATUNDU YAKE

Programu ya kutambua nyuso haijui wewe ni nani. Inaugeuza uso wako kuwa safu ya nambari, inazilinganisha na nambari za picha nyingine, kisha inatoa alama: picha hizi mbili zinafanana kiasi hiki. Mwanadamu ndiye anayepanga kiwango. Alama ikizidi hapo, kengele inalia. Ikiwa chini, kimya.

Mvuvi wa Lamu au wa Vanga atakuelewesha mara moja. Wavu wenye matundu madogo unabeba kila kitu, hadi vifaranga vya samaki. Ukipanua matundu, vifaranga wanapona lakini na samaki unaowataka wanapenya. Huwezi kupata yote mawili kwa wavu mmoja. Kiwango kikishushwa, wasio na hatia wengi wananaswa. Kikipandishwa, wanaotafutwa wanapita.

Kwa hiyo mtu akikwambia "mashine imeamua," mjibu: hapana, kuna mtu aliyechagua ukubwa wa matundu. Ni nani huyo? Alichagua kiwango gani? Na alipochagua, alikuwa akifikiria hasara ya nani?

DAFTARI LIKIKUA, WANAOFANANA WANAONGEZEKA

Mpaka wa pili unahusu ukubwa wa daftari. Serikali nyingi zinapenda rejista moja kubwa ya kila mtu, zikiamini data ikiwa nyingi ukweli nao unazidi. Kwa kazi ya kutafuta anayefanana, kuna hatari upande wa pili. Kadiri daftari linavyojaa, ndivyo uwezekano unavyokua wa kumpata mtu anayekaribiana sana na unayemtafuta ilhali siye.

Mfano wake unatuhusu sisi moja kwa moja. Machi 2004 magaidi walilipua treni mjini Madrid, Uhispania, na kuua zaidi ya watu 190. Polisi wa Uhispania walipata alama ya kidole kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa na viwashio vya mabomu. FBI ya Marekani ikaitafuta alama hiyo katika hifadhi yake ya mamilioni ya watu. Kompyuta ikatoa orodha ya watu 20 waliokaribiana nayo.

Mmoja katika hao 20 alikuwa Brandon Mayfield, wakili wa jimbo la Oregon aliyesilimu. Wataalamu wa FBI waliangalia alama yake wakasema ndiyo hasa. Polisi wa Uhispania waliwaambia mwezi Aprili kwamba haifanani. FBI haikusikiza. Mei 6 wakamkamata. Alikaa kizuizini wiki mbili, mpaka Wahispania walipotangaza kwamba alama ile ni ya Mualgeria mmoja. FBI iliomba radhi, na mwaka wa 2006 serikali ya Marekani ikakubali kumlipa dola milioni 2.

Angalia vizuri kilichotokea. Kompyuta haikusema Mayfield ni gaidi. Ilisema: hawa 20 wanakaribiana. Kazi yake iliishia hapo. Wanadamu ndio waliogeuza "anakaribiana" kuwa "ndiye." Wachunguzi wa Wizara ya Sheria ya Marekani walipochunguza kesi hiyo, walieleza kwamba wataalamu wa vidole hawakuijua dini yake walipofanya ulinganisho wa kwanza. Lakini baadaye, Uislamu wake na watu aliowahi kuwatetea kama wakili huenda vilichangia kuwafanya wasilitazame upya kosa lao.

Hapo ndipo penye sumu. Mashine inatoa jina kwa bahati mbaya. Jina likiwa la Kiislamu, shaka inakufa. Jina likiwa jingine, mtu anaambiwa pole, kompyuta imekosea.

MASHINE ILIFUNDISHWA NA NANI?

Mpaka wa tatu: programu hizi zinajifunza kwa mifano. Isiyoonyeshwa nyuso za kutosha za watu fulani haiwezi kuwatofautisha vizuri.

Mwaka wa 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni kubwa zinazokisia jinsia ya mtu kwa picha. Kwa wanaume weupe, kiwango cha makosa hakikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi kilifika asilimia 34.7. Desemba 2019 NIST, taasisi ya serikali ya Marekani inayohusika na vipimo na viwango, ilitoa matokeo ya kupima programu 189 za kutambua nyuso. Nyingi zilimfananisha mtu na mwingine kimakosa mara 10 hadi mara 100 zaidi kwa baadhi ya jamii kuliko nyingine. Miongoni mwa waliofananishwa kimakosa kwa wingi zaidi ni watu wa Afrika Magharibi na Afrika Mashariki.

Soma tena: Afrika Mashariki. Ni sisi hao. Kwa haki, si programu zote zilikuwa sawa, baadhi zilikuwa na tofauti ndogo sana. Ndiyo maana ni lazima tuulize ni programu gani inayonunuliwa kwa kodi yetu, na ilipimwa kwa nyuso za kina nani.

Hata lugha na imani zetu hazikusalimika. Oktoba 2017 kibarua mmoja Mpalestina aliweka picha yake mtandaoni akiwa kando ya tingatinga na kuandika kwa Kiarabu neno la kuwatakia watu asubuhi njema. Programu ya kutafsiri ya Facebook ikaligeuza kwa Kiebrania kuwa "washambulie." Polisi wa Israeli wakamkamata, wakamhoji kwa saa kadhaa, kisha wakamwachilia. Ilielezwa kwamba hakuna afisa anayesoma Kiarabu aliyeangalia yale maandishi kabla ya kumshika. Salamu ya asubuhi!

Mei 2021, wakati wa ghasia za Jerusalem, Instagram iliondoa machapisho yaliyotaja Al-Aqsa kwa sababu mfumo wake ulilichanganya jina la msikiti wetu mtukufu na jina la kundi lililopigwa marufuku. Mwaka huohuo watafiti walichapisha majaribio yao juu ya GPT-3, programu ya kuandika maandishi. Waliianzishia sentensi kuhusu Waislamu wawili wanaoingia mahali, wakaiacha imalizie. Mara 66 katika 100 ilimalizia kwa habari za fujo na mauaji.

Programu haina chuki moyoni, kwani haina moyo. Ilisoma yaliyoandikwa juu yetu, ikayarudia.

GARISSA: MASHINE IKISEMA KWELI NA BADO UDHULUMIWE

Huenda ukasema: basi tungoje, wataalamu wataziboresha, makosa yataisha. Makosa yatapungua, in shaa Allah. Lakini sikiza mfano wa nyumbani.

Kaskazini Mashariki, miaka ya ukame mkali, familia za Wakenya zilikwenda kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab kutafuta chakula na matibabu. Watoto wakaandikishwa pamoja na wengine, alama zao za vidole zikaingia katika daftari la wakimbizi. Miaka ikapita. Mtoto akafika miaka 18, akaenda kuomba kipande. Akaweka kidole kwenye mashine. Kompyuta ikajibu: huyu yumo katika daftari la wakimbizi.

Maelfu ya Wakenya wamejikuta katika hali hiyo. Bila kitambulisho hakuna kazi ya maana, hakuna akaunti ya benki, hakuna kura, na kila kizuizi cha barabarani ni hofu.

Na ajabu ni hii: mashine haikukosea. Kidole ni chake kweli, na daftarini yumo kweli. Kilichokosewa ni maana. Kuwemo katika daftari la wakimbizi hakumfanyi Mkenya kuwa mgeni. Kunathibitisha kwamba alikuwa na njaa. Kompyuta inaweza kulinganisha kidole na kidole, haiwezi kukueleza kwa nini mama alimpeleka mwanawe Dadaab. Hilo linahitaji mtu wa kukaa, kusikiza, kuuliza majirani na kuangalia cheti cha kuzaliwa.

Mpaka huu hautaondolewa hata na mashine isiyokosea kamwe.

"LAKINI USALAMA JE?"

Tusiwakwepe wenye swali hili. Westgate, Chuo Kikuu cha Garissa, Dusit, ni damu ya kweli, na waliokufa na waliofiwa ni ndugu zetu. Mwenye kuua wasio na hatia hana utetezi kwetu.

Lakini rudi kwenye hesabu ya kivukoni. Kengele 2,010 kwa siku. Kila moja inahitaji afisa, gari, mahojiano. Wale 10 wa kweli wamefichwa katika rundo la 2,000 wa uongo. Polisi waliochoshwa na kengele za uongo wataipuuza ya kweli. Na mtaa ambao vijana wake wanabebwa kila wiki bila kosa hautawapa polisi habari yoyote hata ukiwa nayo. Aprili 2014 katika operesheni ya Usalama Watch watu kwa maelfu walikamatwa Eastleigh na kwingineko, wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Hakukuwa na haja ya kompyuta kufanya msako wa jumla. Kompyuta isiyo na masharti itafanya msako huohuo kila siku, kimyakimya, na kuupa sura ya sayansi.

TUNATAKA NINI, NA WEWE UFANYE NINI

Hatutaki mashine zivunjwe. Tunataka ziwekwe mahali pake. Ulinganisho wa kompyuta uwe mwanzo wa uchunguzi, usiwe mwisho wake. Detroit, Marekani, Robert Williams alikamatwa Januari 2020 mbele ya mke na watoto wake kwa sababu programu ilimfananisha na mwizi wa saa. Alishtaki. Mwaka wa 2024 mji ukakubali kumlipa na kuweka kanuni: polisi wasimkamate mtu kwa sababu ya ulinganisho wa nyuso peke yake. Kama imewezekana Detroit, itawezekana Mombasa.

Sheria zetu tayari zina msingi. Januari 2020 Mahakama Kuu, katika kesi ya Huduma Namba ambayo Jukwaa la Haki za Wanubi lilikuwa mstari wa mbele, ilizuia serikali kukusanya DNA na mahali watu wanapoishi kwa GPS, na ikataka kwanza kuwe na sheria ya kutosha ya kuulinda mfumo huo. Ndugu zetu Wanubi walisimama, na nchi nzima ikafaidika.

Kwa hiyo yashike haya, na umfundishe mwenzako:

1. Ukikataliwa huduma au kitambulisho kwa sababu "sistimu imesema," omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakupa haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo linalokuathiri kisheria au kwa uzito, na kuomba uamuzi uangaliwe upya. Kuna hali zilizoachwa nje, na mlango wa usalama wa taifa upo, lakini anayeutumia ndiye anayepaswa kuueleza.

2. Una haki ya kujua ni data gani wanayo juu yako na kutaka iliyo na makosa irekebishwe. Ukinyimwa, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data.

3. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema uelezwe sababu mara moja kwa lugha unayoielewa, upate kuzungumza na wakili, na ufikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zinaishia wakati mahakama imefungwa. "Kamera imekuonyesha" ni dai kama dai lolote, na linahitaji ushahidi mwingine.

4. Wakili wako aulize maswali haya manne: programu ni ya nani? Kiwango cha kufanana kilipangwa wapi? Orodha ilitoa watu wangapi? Nani alithibitisha, na kwa ushahidi gani mwingine?

5. Viongozi wetu, maimamu, waheshimiwa wabunge na wawakilishi wa wadi: kabla ya kamera kufungwa katika mtaa, dai matokeo ya majaribio yake kwa nyuso za watu wa hapa. Wakisema ni siri, basi wasitwambie ni sayansi. Sayansi inaonyesha hesabu zake.

Mwisho, sisi si wageni wa jambo hili. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Wanazuoni wetu waliweka masharti mazito juu ya shahidi: uadilifu wake, kumbukumbu yake, alichokiona kwa macho yake. Mashine haikuona chochote. Imelinganisha nambari na nambari. Kama shahidi wa nyama na damu tunamhoji, iweje mashine iaminiwe bila swali?

Kwa hiyo wakikugeuzia kioo, uliza. Uliza kwa adabu, uliza kwa maandishi, na usiende peke yako. Sambaza ujumbe huu kwa kijana yeyote anayekwenda kuomba kitambulisho mwezi huu.

Wabillahi tawfiq.